Doksi ya Kimang'a: Jina lililoandikwa kwenye dawa lakini lisilosomwa

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MWANZONI mwa miaka ya 2000, watu 72 wa kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani, walikubali kumeza kapsuli kila siku kwa wiki nane. Wote walikuwa na minyoo ya matende mwilini. Watu 34 walipangiwa dawa yenyewe. Waliobaki, 38, walipangiwa kapsuli zisizo na dawa ndani, na kwa kuwa zote zilifanana, mmezaji hakujua yumo kundi gani, wala mpimaji hakujua.

Dawa hiyo ilikuwa doksisaiklini, ambayo dukani huitwa kwa kifupi doksi. Dozi ilikuwa miligramu 200 kwa siku. Kwa kapsuli ya miligramu 100, hesabu yake ni kapsuli 112 kwa mtu mmoja.

Ilipotimia miezi 14 tangu kapsuli ya kwanza, wanakijiji walipimwa kwa altrasaundi. Kati ya watu 27 wa kundi la dawa waliofika kupimwa, minyoo mikubwa ilionekana kwa sita tu. Kati ya 27 wa kundi la pili, ilionekana kwa 24. Matokeo yalichapishwa Juni 2005 katika jarida la kitabibu la The Lancet, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Williams Makunde wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Tanga, pamoja na Mark Taylor wa Liverpool na Achim Hoerauf wa Bonn, Ujerumani.

Tangu hapo ni vigumu kwa mtaalamu yeyote duniani kuandika juu ya kuua mnyoo mkubwa wa matende bila kuitaja Pangani. Hapa kwetu kapsuli ileile inauzwa kila siku, na wengi wanaoinunua hawajui inaitwaje.

Makala haya yanahusu jina hilo. Ni refu, linakwama ulimini, na mwenye haraka hulipita. Lakini kila silabi yake imewekwa kwa sababu, na anayeweza kuisoma anapata habari ambazo pengine hakuna mtu atakayempa akiwa amesimama mbele ya kaunta.

Namba ipo, jina halipo

Ngamiani ni sehemu ya Jiji la Tanga ambako barabara zinaitwa kwa namba. Katika maduka ya dawa ya huko, kama ilivyo Muheza, Pangani au Mkinga, mteja hufika akaomba "rangi mbili". Ana maana ya kapsuli yenye nusu ya rangi hii na nusu ya rangi ile.

Muuzaji atamuuliza anaumwa nini: kifua, mkojo, kidonda? Kisha atahesabu kapsuli, atazitia katika kibahasha na kuandika juu yake kwa kalamu: 1x3, au 2x2. Mwenye kusoma na asiyesoma wote wanaielewa hesabu hiyo. Kimoja mara tatu. Viwili mara mbili.

Namba ipo. Jina la dawa, mara nyingi, halipo.

Tatizo ni kwamba rangi ya ganda haisemi chochote kuhusu kilichomo ndani. Kila kiwanda hujichagulia rangi zake. Tetrasaiklini huweza kuwa rangi mbili, amoksilini huweza kuwa rangi mbili, doksi pia. Mtu aliyepona kifua mwaka jana kwa rangi mbili anarudi mwaka huu kuomba rangi mbili, anapewa dawa ya ukoo mwingine kabisa, na anaondoka akiamini ni ileile. Kama mwaka jana alitokwa vipele baada ya kuimeza, hana namna ya kumwambia mganga ni dawa ipi iliyomdhuru.

> *Rangi ya ganda huchaguliwa na kiwanda. Jina huchaguliwa na waliojua kilichomo ndani.*

Wataalamu nao walianza na rangi

Ukoo wa doksi ulianzishwa na mzee. Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa mwaka 1872, alikuwa amekwisha kustaafu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alipoajiriwa na kampuni ya Lederle atafute dawa katika udongo. Miaka ile ya Vita ya Pili ya Dunia, penisilini na streptomaisini zilikuwa zimeamsha tamaa kubwa. Kila kampuni ilitaka sampuli za udongo kutoka kila mahali, kwa kuwa bakteria wa udongo hutoa kemikali zinazodhuru bakteria wenzao.

Sampuli iliyomtajirisha Duggar kwa sifa ilichimbwa katika shamba la majaribio la Sanborn, Chuo Kikuu cha Missouri. Ndani yake aliishi bakteria aliyetoa kitu cha rangi ya dhahabu. Mwaka 1948 dunia ikatangaziwa Aureomycin. *Aureus* ni neno la Kilatini, maana yake ya dhahabu. Kipande cha pili kinatokana na *mykes*, kuvu kwa Kigiriki, kupitia jina la kundi la bakteria hao, Streptomyces. Nyuzi zao zilizosokotana ziliwafanya wataalamu wa zamani wawaweke karibu na kuvu. Baadaye ilithibitika kwamba ni bakteria, ila jina lilikwisha kukaa.

Miaka miwili baadaye, 1950, kampuni ya Pfizer ilitoa ya kwake baada ya kupekua maelfu kwa maelfu ya sampuli. Ikaiita Terramycin, kwa neno *terra*, ardhi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ilipewa jina la rangi na ya pili jina la mahali ilikotoka. Hakukuwa na namna nyingine, maana hakuna aliyejua zimejengwa vipi ndani. Anayeomba rangi mbili leo anafanya walichofanya wataalamu mwaka 1948, kwa tofauti moja: dhahabu ya Duggar ilikuwa rangi ya dawa yenyewe, si ya ganda.

Duara nne

Aliyeifungua siri ni Robert Woodward wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye baadaye, mwaka 1965, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Mapema miaka ya 1950, akishirikiana na wakemia wa Pfizer, alionyesha umbo la Terramycin: pete nne za atomi zilizopangwa kwa mstari, kila moja ikiwa imeshikana ubavu na jirani yake. Aureomycin ilikutwa na umbo hilohilo. Dawa mbili za kampuni mbili zilizokuwa zikigombea soko zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kisha Lloyd Conover, mkemia wa Pfizer, akaitoa atomi ya klorini katika Aureomycin na kupata dawa mpya, ambayo hataza yake ilitolewa mwaka 1955. Wakati huo wengi waliamini kuwa binadamu hawezi kuiboresha antibaotiki iliyotengenezwa na kiumbe hai. Conover alithibitisha kuwa anaweza.

Dawa hiyo ikaitwa kwa umbo lake. *Tetra*, nne. *Kyklos*, duara. Tetrasaiklini: yenye duara nne. Msomaji wa Tanga, mji ambao kila mtaa una baiskeli, analijua neno hilo la Kigiriki bila kufundishwa. Saikli ya tetrasaiklini na skeli ya baiskeli zimetoka kwa mzazi mmoja, duara.

Hapo ndipo majina yalipoanza kusaidia. Aureomycin ikapata jina la kitaalamu klorotetrasaiklini, yaani yenye klorini. Terramycin ikawa oksitetrasaiklini, kwa kuwa ina oksijeni ya ziada katika pete yake moja. Undugu uliokuwa umefichwa na majina ya biashara ukaonekana kwa macho, mwishoni mwa kila neno.

Mfugaji wa Handeni au Kilindi anaijua vizuri hiyo ya mwisho. Ndiyo OTC anayowachoma ng'ombe wake: herufi tatu zilizokatwa kutoka katika neno oksitetrasaiklini, kwa tahajia yake ya Kiingereza.

Herufi moja ya kuondoa

Doksi ikaja baadaye, na jina lake ndilo lililobanwa kuliko yote.

Wakemia wa Pfizer waliichukua oksitetrasaiklini, wakaondoa oksijeni iliyokuwa mahali pa sita katika mifupa ya zile pete. Kiambishi cha kuondoa ni *de*. Jina kamili lingekuwa deoksi-oksitetrasaiklini, na mgonjwa angepona kabla hajamaliza kulitamka. Likakatwa: d ya kuondoa, oksi ya oksijeni, saiklini ya ukoo. Marekani iliiruhusu kuuzwa mwaka 1967 kwa jina la biashara Vibramycin.

Hata hiyo oksi ina historia yake. Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyeunda neno oksijeni katika karne ya 18, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizaa-ukali, kwa sababu aliamini kila asidi lazima iwe na hewa hiyo. Alikosea. Zipo asidi zisizo na oksijeni kabisa. Neno lake limebaki, na limo ndani ya kapsuli iliyofika Kimang'a.

Mgonjwa anafaidika nini na oksijeni iliyoondolewa? Anafaidika sana. Mabadiliko hayo yaliifanya doksi ifyonzwe vizuri zaidi tumboni na ikae mwilini kwa saa nyingi. Tetrasaiklini ya kawaida humezwa mara nne kwa siku, bila maziwa, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huishika isifyonzwe. Doksi humezwa mara moja au mbili. Tofauti ya 1x4 na 1x2 kwenye kibahasha imeanzia katika herufi d.

> *Tofauti ya 1x4 na 1x2 kwenye kibahasha imeanzia katika herufi d.*

Bakteria ndani ya mnyoo

Msomaji makini atauliza: antibaotiki huua bakteria, na mnyoo si bakteria. Sasa doksi ilikwenda Pangani kufanya nini?

Mnyoo unaoleta matende na mabusha katika pwani hii unaitwa *Wuchereria bancrofti*, kwa heshima ya madaktari wawili ambao kila mmoja aliona nusu ya habari. Otto Wucherer aliviona vitoto vya mnyoo huo Bahia, Brazil, mwaka 1866. Joseph Bancroft akaupata mnyoo mzima Brisbane, Australia, mwaka 1876. Vitoto hivyo hutoka kwenye mishipa midogo na kujaa katika damu usiku, wakati mbu wanapouma, na ndiyo sababu kwa miaka mingi watafiti wa NIMR na waliowatangulia waligonga milango ya vijiji vya Tanga usiku wa manane wakiomba tone la damu kidoleni.

Mnyoo mkubwa hujificha katika mishipa ya limfu. Humo hukaa kwa miaka, ukizaa. Na ndani ya mwili wake anaishi mgeni wa kudumu, bakteria anayeitwa Wolbachia.

Mwaka 1924, Marekani, Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach waliwaona bakteria hao ndani ya mbu wa jamii ya Culex, ndugu wa mbu wanaozaliana katika vyoo vya shimo na makaro ya miji yetu na kueneza matende. Mwaka 1936 Hertig aliwapa jina la mwenzake. Ilichukua hadi miaka ya 1970 kwa darubini za elektroni kuonyesha bakteria ndani ya minyoo ya jamii hii, na mwaka 1999 ndipo kundi la Hoerauf lilipoonyesha kuwa tetrasaiklini ikimfikia bakteria huyo ndani ya mnyoo wa panya, mnyoo unakuwa tasa.

Mnyoo na bakteria wake hawawezi kuachana. Doksi humzuia Wolbachia kutengeneza protini. Akifa, mnyoo hukoma kuzaa, kisha nao hufa pole pole kwa miezi mingi. Jaribio la Kimang'a lilihitaji subira ya miezi 14 kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo pia lilikuwa na thamani: lilionyesha kwa macho ya altrasaundi, ndani ya watu, kwamba mnyoo mkubwa unaweza kufa.

Wiki nane au siku moja?

Hapa ndipo wataalamu wanapovutana.

Mkoa wa Tanga ulianza kugawiwa kingatiba ya matende mwaka 2004. Mpango wa taifa ulikuwa umeanzia kisiwani Mafia mwaka 2000, na kwa miaka mingi uliongozwa na hayati Dk. Mwele Malecela, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR kisha akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani (WHO) hadi kifo chake mwaka 2022. Kingatiba hiyo ni ivermektini na albendazoli, zinazomezwa pamoja, mara moja kwa mwaka, bure.

Dawa hizo mbili hufagia vitoto vilivyo katika damu. Mnyoo mkubwa hubaki, na baada ya miezi huanza tena kuzaa. Ugawaji hurudiwa mwaka hadi mwaka, kwa matumaini kwamba mbu watakosa cha kuokota hadi minyoo izeeke na kufa.

Wanaosimamia kingatiba wana hoja nzito. Huwezi kupita nyumba kwa nyumba na kapsuli 112 kwa kila mtu. Huwezi kumpa doksi mama mjamzito wala mtoto mdogo, kwa kuwa dawa za ukoo huu hushikana na kalsiamu na kuacha doa la kudumu katika meno yanayoota. Tiba ya siku moja ndiyo inayobeba taifa.

Madaktari wanaomtazama mgonjwa mmoja mmoja nao wana hoja. Aliye na mnyoo hai leo kwa nini asubiri miaka wakati ipo dawa ya bei nafuu iliyothibitishwa wilayani Pangani? Kwa mguu uliokwisha kuvimba ushahidi haujakaa upande mmoja. Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha doksi inaleta nafuu. Majaribio ya karibuni zaidi ya Mali, India na Sri Lanka hayakuona doksi ikizidi kile ambacho mgonjwa hukipata kwa kuuosha mguu kila siku kwa sabuni, kuukausha vizuri na kuuinua anapopumzika.

Na wapo wenyewe wenye miguu na mabusha. Watafiti Melissa Parker na Tim Allen walifuatilia ugawaji wa dawa katika maeneo ya Pangani na Muheza kwa kipindi cha 2004 hadi 2011, na walichokiandika kinauma kukisoma. Katika vijiji walivyovichunguza, walio wengi ama hawakufikiwa na dawa au walizikataa. Walihofia dawa zenyewe na nia ya wanaozitoa. Walikuwa na maelezo yao juu ya chanzo cha ugonjwa, ambayo hayakukutana na ya wataalamu. Pwani hii hadi leo wapo wanaoamini mabusha huletwa na madafu. Na hawakuwa wameelezwa vya kutosha kwa nini mtu asiyeumwa ameze dawa. Ripoti rasmi, wakati huohuo, zilionyesha wamezaji wengi kuliko wanakijiji wenyewe walivyosema.

Kati ya sababu zote hizo, ya maelezo haba ndiyo ninayoiona nzito kuliko nyingine, maana ndiyo inayoweza kurekebishwa kesho asubuhi bila kununua kitu. Mtu mzima anayeombwa kumeza ana haki ya kuambiwa anameza nini, inaitwaje, na inamuua nani mwilini mwake.

Miezi mitano tangu mwishoni mwa 1977

Upande mwingine katika mvutano huu ni wa wale wanaolinda antibaotiki zisichakae. Hofu yao haikutoka katika vitabu vya Ulaya. Imetokea hapahapa.

Mwishoni mwa mwaka 1977 Tanzania ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Tetrasaiklini ilitumika kuwatibu wagonjwa, na ikagawiwa pia kwa wingi kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Mwanzoni bakteria wa kipindupindu wote waliopimwa walishindwa na dawa hiyo. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya waliopimwa walikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake waliliandika jambo hilo katika The Lancet mwaka 1979, na somo hilo la Tanzania bado linafundishwa.

> *Mwaka 1977 tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya bakteria wa kipindupindu waliopimwa walikuwa sugu.*

Usugu huo hausimami kwenye dawa moja. Bakteria aliyejifunza kuishinda tetrasaiklini mara nyingi huwashinda na ndugu zake. Na hapa mwisho wa jina unakuwa jambo la maisha na kifo.

Tazama nyumba moja ya kawaida ya mfugaji mkoani Tanga, mkoa unaosifika kwa maziwa. Ng'ombe kachomwa OTC kwa ajili ya ndigana. Kuku wamewekewa unga wa OTC katika maji ya kunywa kwa kuwa mmoja kakohoa. Mtoto aliyezaliwa juzi kapakwa machoni mafuta ya tetrasaiklini, kama inavyopaswa. Baba ana kapsuli tano za doksi zilizobaki kwenye kibahasha, kwa sababu alipata nafuu siku ya pili akaacha. Kila mmoja katika nyumba hiyo anadhani dawa yake ni tofauti na ya mwenzake. Zote ni ukoo mmoja, saiklini, na usugu unaozaliwa zizini una njia ya kufika jikoni, hasa maziwa yakiuzwa kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya OTC kwisha.

Angekuwepo mtu mmoja katika nyumba hiyo anayesoma mwisho wa jina, angeuona undugu huo bila kwenda chuo.

Nani aipe dawa jina?

Majina ya aina hii yana mlinzi. Tangu mwaka 1953 WHO imekuwa ikitoa orodha ya majina ya kimataifa ya dawa yasiyomilikiwa na kampuni yoyote. Kila ukoo una kiishio chake, na WHO huzitaka kampuni zisikichukue kuwa alama ya biashara. Saiklini ni cha ukoo wa tetrasaiklini. Silini ni cha penisilini na jamaa zake, akina amoksilini na ampisilini. Upo hata mwongozo wa tahajia ili majina yatamkike kwa watu wa lugha nyingi: waundaji wanashauriwa kuandika f badala ya ph, t badala ya th, na kuepuka h na k.

Kampuni zina jambo jingine akilini. Zinataka ukumbuke jina lao, na doksi hiyohiyo huuzwa kwa majina mengi ya biashara. Si dhambi, lakini mgonjwa anaweza kutoka maduka mawili na pakiti mbili zenye majina tofauti, bei tofauti na dawa ileile ndani, akazimeza zote. Jina la kitaalamu limo kwenye pakiti hizo, kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa.

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, ndiyo yaliyo karibu na mwanakijiji kuliko hospitali yoyote. Wauzaji wake wamepewa mafunzo, wanajua majina. Kinachokosekana ni sekunde kumi za kuliandika jina juu ya kibahasha, juu ya ile 1x2. Naona Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Famasi wangeweza kulifanya jambo hilo kuwa sharti linalokaguliwa, kama inavyokaguliwa leseni iliyotundikwa ukutani. Naona pia anayegawa kingatiba mlangoni kwa mtu, akiwa na fulana na kopo la vidonge, aanze kwa kuzitaja dawa zake kwa majina kabla ya kumpima mtu kimo.

Wapo watakaosema majina ya Kigiriki yatamchanganya bibi wa kijiji cha Kipumbwi. Bibi huyo anajua majina ya samaki kwa ukubwa wao na majira yao, na anajua miti ya dawa kwa mizizi na magamba. Hatashindwa na saiklini akiambiwa mara moja kwa utulivu.

Jina linalokuja

Utafutaji wa dawa itakayomuua Wolbachia kwa siku chache badala ya wiki nane unaendelea. Wataalamu wa Liverpool, kwa kushirikiana na kampuni ya AbbVie na taasisi ya DNDi, walifikisha moja hadi kwenye majaribio kwa binadamu. Kwa muda ilijulikana kwa namba tu, ABBV-4083. Sasa ina jina la kimataifa: flubentailosini.

Mfugaji wa kuku wa Tanga akilikata jina hilo katikati atakikuta kipande anachokijua. Tailosini ni dawa ya kikohozi cha kuku, inauzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo. Dawa hiyo mpya imetokana nayo, kama doksi ilivyotokana na OTC. Kabla dawa ya ukoo huo haijafika kwenye soko la wagonjwa, swali la namna tailosini inavyomiminwa katika vinyweshea vya mabanda yetu linahitaji jibu la Wizara ya Mifugo na Wizara ya Afya zikiwa zimekaa meza moja.